Nauli ya Kurudi

Mwaka 1993 mama yangu alikuwa haoni tena vizuri. Alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na kwa mtu wa Ufipa anayeishi kwa jembe, ambaye lazima aone kama ulezi umeiva au bado, hilo si jambo dogo. Mdogo wangu alimpeleka hospitali Sumbawanga, akaambiwa ampeleke Dar es Salaam. Huko daktari akasema atapasua jicho moja kwanza, mgonjwa apumzike kama miezi miwili, ndipo apasue la pili. Mama alikubali kwa sharti moja. Hatapanda kitanda cha kupasuliwa mpaka mwanawe wa kwanza awe amesimama mlangoni. Mwana huyo wa kwanza ni mimi, na wakati huo nilikuwa nafanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja huko Uingereza.

Naomba nieleze kwanza hesabu yangu ilivyokuwa, maana habari hii yote ni ya hesabu. Mwajiri alinipa siku tano mwezi Machi na siku tano mwezi Mei, na alidhani amenifanyia hisani kubwa, na kwa kweli alikuwa amenifanyia. Nauli nafuu ya kutoka London hadi Dar es Salaam, kwenda na kurudi, ilikuwa na masharti yake: usikae huko uendako chini ya siku saba, wala usipitishe miezi mitatu. Aliyetaka kukaa siku tano tu alitakiwa alipe nauli kamili, nayo ilizidi mara mbili ya ile nafuu. Mimi nilihitaji safari mbili za namna hiyo. Fedha hizo sikuwa nazo, na wa kunikopesha sikuwa naye.

Nilikuwa na rafiki, Mkenya wa Kisumu, aliyekuwa akienda na kurudi Nairobi mara kwa mara kwa shughuli zake. Nilipomweleza shida yangu alichukua bahasha, akachora mistari miwili, mmoja mrefu na mwingine mfupi kidogo chini yake. Nunua tiketi mbili nafuu, aliniambia. Ya kwanza ianzie London: iende Dar mwezi wa tatu, irudi London mwezi wa tano. Ya pili ianzie Dar: iende London mwezi wa tatu, irudi Dar mwezi wa tano. Utakwenda kwa mama kwa nusu ya tiketi ya kwanza. Siku ya tano utarudi kazini kwa nusu ya tiketi ya pili. Mwezi Mei utakwenda tena kwa mama kwa nusu iliyobaki ya ile ya pili, na utarudi kazini kwa nusu iliyobaki ya ile ya kwanza. Kila tiketi ukiitazama peke yake inaonyesha mtu aliyekaa miezi miwili huko alikokwenda. Hakuna hata moja iliyovunja sharti.

Niliitazama ile bahasha kwa muda. Tiketi moja ilikuwa imelala ndani ya nyingine kama sufuria ndogo ndani ya kubwa. Nikamwuliza kama jambo hilo ni halali. Alicheka. Akasema: umelipia viti vinne, na utakalia viti vinne; umemwibia nani?

Swali lake hilo nilikaa nalo miaka mingi. Nilipostaafu na kurudi Sumbawanga nilianza kulitafutia jibu kwa njia ninayoifahamu, yaani kusoma, kwa sababu kazi ya maktaba humwachia mtu ugonjwa wa kutaka kujua kila kitu kilianzia wapi. Haya ninayoyaandika ni baadhi ya niliyoyapata.

Mtu anayepanda basi hapa Sumbawanga kwenda Mpanda hulipa nauli ya kwenda. Akitaka kurudi hulipa ya kurudi. Hakuna utingo atakayemwuliza amekaa Mpanda siku ngapi, wala kama Jumamosi ilimkuta huko. Kwa hiyo watu wa kwetu hushangaa wakiambiwa kwamba tiketi ya ndege ya kwenda tu yaweza kuwa ghali kuliko ya kwenda na kurudi, na kwamba bei hubadilika kwa sababu ya siku utakazolala ugenini. Wanaona ni kichekesho cha Wazungu. Lakini jambo hili lina asili yake, na asili yenyewe ni ya zamani kuliko ndege.

Tarehe 5 Julai, 1841, Mwingereza aitwaye Thomas Cook aliwapakia watu wapatao mia tano katika treni kutoka Leicester kwenda Loughborough, mwendo wa maili kumi na kitu, kuhudhuria mkutano wa watu waliokuwa wakipinga ulevi. Kila mmoja alilipa shilingi moja, kwenda na kurudi. Bei hiyo iliwezekana kwa sababu Cook alielewana na wenye reli kuwaletea kwa mkupuo abiria ambao, bila bei ile, wasingesafiri kabisa. Hapo ndipo ilipo siri yote. Msafiri ni wa aina mbili. Yuko ambaye lazima aende, na huyo utamtoza utakavyo. Na yuko ambaye angeweza kubaki nyumbani, na huyo lazima umbembeleze kwa bei. Kazi ya mwenye chombo ni kumpa wa pili bei nafuu bila wa kwanza kuidaka. Na namna nyepesi ya kuwatenganisha ni kumfunga huyo wa bei nafuu kwa masharti ya kurudi: utarudi lini, na kwa chombo gani.

Ndege zilipokuja zilirithi mawazo hayo. Aprili 1945 mashirika ya ndege yalikutana Havana, Cuba, yakaunda chama chao, IATA, na kwa miaka mingi nauli za kimataifa zilipangwa katika mikutano ya chama hicho na kukubaliwa na serikali. Shirika letu la pamoja, East African Airways, lililoanza mwaka 1946 na kufa mwaka 1977 pamoja na Jumuiya yetu ya zamani, nalo liliishi katika utaratibu huo. Lakini masharti yaliyonikamata mimi yalipata makali yake Marekani. Mwaka 1977 shirika la American Airlines lilianza kuuza nauli iliyoitwa Super Saver kati ya New York na California, nafuu sana kwa anayenunua mapema na anayekubali kukaa kwa muda uliowekwa. Oktoba 1978 Rais Carter akatia sahihi sheria iliyoondoa mkono wa serikali katika kupanga nauli za ndani ya nchi yake. Yakazuka mashirika mapya ya bei ya chini, na maarufu kati yao lilikuwa People Express. Januari 1985 American, chini ya mkuu wake Robert Crandall, ilijibu kwa nauli za chini kabisa, lakini zenye ua kuzizunguka: lazima ununue mapema, hurudishiwi fedha, na usiku wa Jumamosi ukukute huko ulikokwenda. Mwaka 1987 People Express haikuwapo tena.

Nakiri kwamba nilipolisoma sharti hilo la Jumamosi mara ya kwanza nililisifu, kama mtu anavyousifu mtego uliotegwa vizuri hata kama yeye ndiye aliyenasa. Mfanyabiashara huenda Jumatatu na hutaka Ijumaa awe nyumbani kwake. Mtalii na mtu anayekwenda kuwaona wazazi huitaka hiyo Jumamosi. Basi kwa usiku mmoja tu shirika liliweza kumtambua tajiri bila kumwuliza kazi yake wala mshahara wake. Sharti la siku saba lililokuwa katika tiketi yangu lilifanya kazi ileile.

Kasoro yake ni kwamba linabahatisha. Halijui umefuata nini. Linahesabu siku tu, likishamaliza linakupa jina. Na mwenye shida na mwenye mali hufanana katika jambo moja: wote wawili hawana muda. Mtu anayewahi maziko, mtu anayemsindikiza mgonjwa akiwa na ruhusa ya siku tano, mbele ya hesabu ile ni sawa na mkurugenzi wa benki anayekwenda kutia sahihi mkataba. Nilipotakiwa kulipa nauli kamili nilikuwa natozwa utajiri ambao sikuwa nao.

Waliougundua mchezo wa tiketi mbili hawakuwa watu wa shida, lakini. Walikuwa haohao wafanyabiashara ambao ukuta ule ulijengwa kwa ajili yao. Mtu aliyekuwa akienda mji uleule kila wiki aligundua kwamba akinunua tiketi zinazopandana, moja ikianzia kwake na nyingine ikianzia kule aendako, kila moja itakuwa na Jumamosi ndani yake, ilhali yeye mwenyewe Jumamosi zote yuko kwake anacheza na watoto. Wengine walifanya hata kwa safari moja tu: nauli kamili ikizidi mara mbili ya nafuu, wananunua tiketi nafuu mbili, wanatumia nusu ya kila moja na kuzitupa nusu zilizobaki.

Mashirika yalijibu kwa karatasi. Katika masharti ya usafiri, yale yanayochapwa kwa herufi ndogo mno, yaliingia maneno ya kukataza tiketi zinazopandana kwa nia ya kukwepa sharti la kukaa. Ikakaziwa pia kanuni kwamba kuponi za tiketi zitumike kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, zinazofuata zimekufa. Wakala aliyeziuza tiketi za namna hiyo alipelekewa hati ya kudaiwa tofauti ya nauli. Na kompyuta za kuwekea nafasi, ambazo tangu miaka ya 1960 zilikuwa zikijaza na kuhesabu viti, zikapewa na kazi ya kutafuta jina moja lililokaa mahali pawili. Lakini kompyuta ya shirika moja haikuwa na macho ya kuona kwa jirani. Kwa hiyo wajuzi walinunua tiketi ya kwanza kwa shirika hili na ya pili kwa shirika lile.

Hilo rafiki yangu hakuniambia. Au aliniambia, mimi nikapitiwa. Tiketi zangu zote mbili zilikuwa za shirika moja.

Safari ya Machi ilikwenda vizuri. Wakati huo lami ilikuwa bado kufika Sumbawanga. Mama na mdogo wangu walikuwa wametoka kwa basi, siku nzima ya vumbi na mashimo hadi Mbeya, kisha wakapanda treni ya TAZARA hadi Dar es Salaam. Walifikia kwa ndugu yetu Ilala. Mimi nilifika asubuhi, na kesho yake nikasimama mlangoni kama nilivyoagizwa. Bandeji ilipofunguliwa nilitegemea mama atatazama uso wangu. Alitazama viatu.

"Ndivyo mnavyovaa huko?" aliuliza. "Kama vya polisi."

Kisha akaanza kuhesabu vigae vya sakafuni, kimoja kimoja, kwa sauti, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Siku ya tano nilimuaga, nikamwahidi kwamba mwezi Mei, kwa jicho la pili, nitakuja na viatu vingine. Wao wakabaki Ilala kusubiri, kwa sababu kurudi Sumbawanga na kuja tena kungekula fedha zote.

Mwezi Mei nilifika uwanja wa ndege wa London na sanduku moja na viatu vipya vya mpira. Shirika lenyewe sitalitaja, na karani aliyenipokea alifanya kazi aliyoajiriwa kuifanya. Alikuwa mama wa makamo, mpole. Alibonyeza vitufe vyake, akasita, akabonyeza tena. Akaniomba tiketi nyingine niliyo nayo. Nikampa, maana sikuona cha kuficha. Alizilaza zote mbili mezani, ubavu kwa ubavu.

"Tiketi hii," alisema, "ni ya abiria ambaye kwao ni Dar es Salaam, amekuja London na sasa anarudi kwao. Na hii ni ya abiria ambaye kwao ni London, amekwenda Dar es Salaam na bado hajarudi. Jina ni moja. Wewe ni yupi kati ya hawa?"

Nilimwambia kwamba ni mimi wote wawili.

Sikusema hivyo kwa ujeuri. Kila mtu wa kwetu aliyekwenda kufanya kazi mbali anajua kwamba hilo ndilo jibu la kweli. Lakini halikuwa jibu ambalo kitabu chake kililiruhusu. Alikwenda kwa mkubwa wake, akarudi, akaniambia kwa huruma kwamba nafasi zangu zimefutwa, na kwamba nikitaka kusafiri nilipe tofauti ya nauli kamili kwa tiketi zote mbili. Kiasi alichokitaja kilikuwa kikubwa kuliko mshahara wangu wa mwezi. Nilikaa kwenye kiti cha uwanjani mpaka ndege ilipoondoka. Sikuwa na sababu ya kukaa; ni kwamba sikujua pa kwenda.

Usiku nilipiga simu Ilala. Mdogo wangu alipokea, nikamweleza, akanyamaza. Nikasikia anamweleza Mama kwa Kifipa, kisha Mama akaichukua simu mwenyewe.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Wamekukatalia nauli?"

"Wamekataa tiketi, Mama."

"Ni kilekile," alisema. "Hata baba yako walimkatalia ya kurudi."

Nilidhani wakati huo kwamba anasema tu ili kunipoza. Baba alikuwa amefariki miaka kadhaa, na habari zake za mkonge tulizizoea kama hadithi za kuchekesha. Ni baadaye, nilipofungua sanduku lake la bati na kukuta kipande chake cha kazi, ndipo nilipokaa chini na kufikiri alichosema Mama.

Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika ikiwa hai Pangani ilikuwa sitini na miwili tu. Katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili zao hilo ndilo lililokuwa nguzo ya Tanganyika, na mashamba ya Tanga yalihitaji watu wengi kuliko mkoa wenyewe ulivyoweza kutoa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuajiri iliyoitwa SILABU, ambayo mawakala wake walikwenda mikoa ya mbali kutafuta vijana. Watu waliwaita waajiriwa hao manamba, kwa zile namba walizopewa. Mkataba wa manamba ulikuwa na ahadi ambayo wazee wetu waliijua vizuri kuliko kitu kingine chochote ndani yake: utapelekwa kwa gharama ya mwajiri, na mkataba ukiisha utarudishwa kwa gharama ya mwajiri. Kwenda na kurudi.

Ahadi ile ilikuwa na huruma ndani yake, maana mtu hawezi kutembea kutoka Korogwe hadi Ufipa. Lakini ilikuwa pia ua. Iliandikwa na watu waliokwisha kuamua kwamba kwa manamba ni kule alikotoka, na kwamba Tanga yuko kwa muda tu. Haikumpasa kuchanganya mambo hayo mawili. Kama mkataba haujaisha na yeye ametaka kwenda kwao kisha arudi kazini, hapakuwa na mlango wa kupitia. Aliyeondoka alikuwa mtoro, na mtoro alipoteza nauli yake ya kurudi.

Baba alikwenda na SILABU mwanzoni mwa miaka ya 1950, shamba moja karibu na Korogwe. Akiwa huko alipata habari kwamba kaka yake mkubwa amefariki. Aliomba ruhusa ya kwenda na kurudi. Akaambiwa amalize mkataba. Aliondoka usiku. Kipande chake kina viboksi thelathini, kimoja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika, na mshahara hulipwa vikijaa. Vilivyotiwa alama ni kumi na tisa. Alidandia malori, Iringa akauza blanketi lake, na kutoka Mbeya hadi Ufipa alitembea kwa miguu. Alipofika, kaburi la kaka yake lilikuwa limeota majani. Alipotusimulia habari hii alikuwa akicheka sana anapofika kwenye blanketi, kwa sababu mnunuzi alimpunja na usiku wake Iringa kulikuwa na baridi kama ya Sumbawanga.

Sitaki kujilinganisha na baba yangu. Yeye alikata mkonge juani. Mimi nilikaa uwanjani na koti langu. Tena mimi nilijua, au nilipaswa kujua, kwamba niliukwepa utaratibu, na umaskini haumfanyi mtu kuwa na haki ya kila hila. Mkenya wangu aliuliza nani ameibiwa, nami leo naweza kumjibu: aliyeibiwa, kama yupo, ni yule abiria wa bei nafuu, kwa sababu ukuta ukibomoka bei yake nafuu itaondolewa. Hiyo ndiyo hoja ya mashirika, na si hoja ya kijinga. Ninachosema ni kwamba mwenye shamba na mwenye ndege waliuza kitu kimoja, nacho ni kurudi, na wote wawili kabla ya kukiuza walitaka kwanza kuandika kwao na mtu ni wapi, pawe pamoja tu.

Mambo yamebadilika tangu wakati ule, ingawa si yote. Aprili 2010 mahakama ya juu ya Ujerumani kwa kesi za madai, iliyoko Karlsruhe, iliamua kesi mbili za masharti ya aina hii, zilizohusu British Airways na Lufthansa. Ilisema kwamba shirika haliwezi kuifuta tu tiketi ya abiria wa kawaida kwa sababu hakutumia kuponi zote kwa mpangilio. Huenda mipango yake imebadilika. Lakini shirika laweza kujilinda kwa kumtoza tofauti ya nauli, kama safari aliyoifanya ilikuwa na bei kubwa zaidi siku aliponunua. Niliposoma uamuzi huo nilitabasamu, nikiwafikiria Wajerumani waliopaita Kasanga yetu Bismarckburg, kwamba hatimaye wametuletea kitu kutoka kwao, ila kimechelewa kwa miaka kumi na saba.

Tiketi za karatasi ziliondolewa na IATA tarehe 1 Juni, 2008. Vile vijitabu vyenye kaboni nyekundu vimekuwa vitu vya makumbusho, na siku hizi kompyuta hubaini nafasi za jina moja zinazogongana na kuzifuta, hata karani mpole hahitajiki. Kwa upande mwingine, yamekuja mashirika yanayouza kila mwendo peke yake kama basi la Mpanda. Fastjet ilipoanza kuruka hapa nchini Novemba 2012, watu walinunua ya kwenda, na ya kurudi wakainunua wakitaka. Na mwezi uliofuata uwanja wa Songwe ulifunguliwa Mbeya, na baadaye lami ikakamilika kutoka Tunduma hadi kwetu, kilomita zaidi ya 220. Mahali ambapo nauli huuzwa hivyo, tiketi mbili zinazopandana hazimsumbui mtu. Binti yangu hununua zake kwa simu. Nilipomwonyesha kijitabu changu cha mwaka 1993 aliuliza kwa nini sikununua ya kwenda tu, nikamweleza kwamba hiyo ilikuwa ghali zaidi, akanitazama kama anavyonitazama nikianza kusahau majina ya wajukuu. Katika safari ndefu za mabara, hata hivyo, mashirika kadhaa makubwa bado yana maneno yaleyale katika masharti yao. Atakayesafiri afadhali ayasome.

Mama hakusubiri. Siku ya kupasuliwa jicho la pili alimwambia daktari kwamba mtu wake wa mlangoni hakufika, akashukuru, na wiki hiyohiyo yeye na mdogo wangu walipanda treni. Mimi nilifika Sumbawanga Desemba ya mwaka uliofuata, kwa tiketi moja na siku ishirini za likizo, nikiwa na fedha za kumrudisha Dar. Alikataa. Alisema jicho moja linatosha kuona watu wanaokuja, na lile jingine limeshazoea kupumzika. Nilibembeleza, shangazi zangu wakabembeleza. Alikuwa amekwisha kuamua.

Aliishi miaka saba zaidi. Jicho lake zima lilikuwa la kushoto. Nilipokuwa nikiandika kwamba ninakuja, mdogo wangu aliniambia, alitoa kigoda nje tangu asubuhi na kuketi bega la kulia likiwa ukutani, ili lile la kushoto litazame barabara ya Mbeya.